Tuwalipe Wapika Vileja Wetu

Kila Ramadhani iingiapo katika kumi la mwisho, mitaa mingi ya mwambao, tangu Lamu na Mombasa hadi Tanga na Unguja, huanza kunukia iliki na samli. Ni harufu ya vileja, biskuti za nazi na keki ziokwazo majumbani, ili siku ya Idd kila mgeni apate cha kutafuna pamoja na chai. Mwezi wa Desemba majiko huwashwa tena kwa ajili ya Krismasi, na wapo wapikaji wanaozitumikia sikukuu zote mbili.

Siku hizi jamaa nyingi hazioki zenyewe, bali huagiza kwa mama wa jirani ajulikanaye kwa mkono wake mzuri. Hatuoni ubaya wowote katika jambo hilo. Mama hupata riziki yake, na mteja hupata kitu kilichotoka jikoni jana. Tunachokilaumu ni ule mtindo wa kuagiza kwa maneno matupu, kisha kulipa baada ya sikukuu, au kutolipa kabisa.

Yafaa tukumbuke kwamba unga wa mchele, samli, sukari, mayai na iliki havipatikani bure. Wapikaji wengi huoka kwa makaa, moto chini na moto juu ya mfuniko, wala mtu hathubutu kuondoka hapo, kwani uzembe wa dakika chache huunguza sinia zima. Kazi hiyo hufanywa usiku na mtu aliyeshinda na saumu. Tena Idd haingoji tarehe maalumu kama ilivyo 25 Desemba. Mwezi waweza kuandama jioni ya siku ya 29, hivyo mpikaji hana budi kumaliza mapema, iwapo fedha zimemfikia au hazijamfikia.

Basi mteja asemaye, "Sisi ni majirani, nitakupa baada ya Idd," huwa amekopa mtaji wote wa mwenzake. Asipolipa, watoto wa mpikaji ndio watakaokosa nguo mpya, ilhali wageni wa mdaiwa wanasifu vileja vyake. Ujirani ni kupelekeana sahani. Kudhulumiana jasho si ujirani.

Wako watakaosema kwamba kulipa kabla ni kujitia hatarini, maana mpikaji naye aweza kuchelewesha kazi au kuiharibu. Hoja hiyo ina uzito. Kwa hiyo rai yetu ni kwamba mteja atoe nusu ya bei siku anapoagiza, na nusu ya pili siku anapochukua mzigo wake. Oda itolewe kabla ya kumi la mwisho kuanza, na bei ikishakubaliwa isivutwe tena mlangoni. Wapikaji nao waandike jina, kiasi na malipo ya kila mteja, kwani wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Akishindwa kutimiza ahadi, arudishe fedha za watu bila ya kusukumwa.

Na yule ambaye bado anadaiwa vileja vya sikukuu iliyopita, twamsihi aende akalipe leo, kabla hajathubutu kuagiza vingine. Dawa ya deni ni kulipa.