Kabla Useme Marubani Wana Tamaa

Wasee, nianze kwa kukiri. Novemba 2022, marubani wa Kenya Airways walipogoma, mimi nilikuwa kampasi, nimejilaza hosteli na bando ya kukopa. Nikaandika komenti moja: hawa watu wanalipwa kuliko mwalimu, kuliko nesi, kuliko mzazi wangu, na bado wanalia. Wafutwe wote. Watu wakaipenda sana ile komenti. Nikalala nikijiona msomi.

Leo naifuta hadharani. Si ati nimeajiriwa na chama cha marubani, na hata kupanda ndege kwenyewe nimepanda mara mbili tu maishani. Naifuta kwa sababu niliuliza swali lisilofaa. Niliuliza rubani analipwa pesa ngapi. Sikuuliza kama akiwa mgonjwa, au hajalala, anaweza kumwambia bosi wake bila kuogopa. Hilo la pili ndilo linanihusu mimi abiria.

Kwanza tukumbushane mgomo ulikuwa wa nini, maana wengi wetu tulisoma kichwa cha habari tukaruka kwenye komenti. Ulianza Jumamosi, tarehe 5 Novemba 2022, saa kumi na mbili asubuhi. Chama chao, KALPA, kilikuwa kinadai vitu viwili vikubwa: michango ya akiba ya uzeeni ambayo kampuni ilisimamisha wakati wa korona irudishwe, na malipo yaliyozuiliwa kipindi hicho yalipwe. Kampuni ikasema haina pesa, na kwamba kila siku ya mgomo inapoteza shilingi milioni 300. Safari zikafutwa, watu wakakwama JKIA na mizigo yao. Korti ilikuwa imeshatoa agizo mgomo usimame, marubani wakagoma hata hivyo. Mwishowe jaji akaamuru warudi kazini asubuhi ya tarehe 9, na kampuni iwaache wafanye kazi bila kuwaandama. Wakarudi.

Kwa hivyo soma tena. Hawakugoma ili waongezewe mshahara. Walikuwa wanadai kilichokuwa chao, kikazuiliwa, wakaambiwa wasubiri.

Sasa neno "subiri" mimi nalijua vizuri. Nilipoacha chuo, karo ikiwa imenishinda na kichwa kikiwa kimechoka, nilipata kibarua cha kuhariri video za watu. Bosi hakuwa mtu mbaya. Mwezi wa kwanza alilipa. Mwezi wa pili akalipa nusu, akasema subiri mteja atume. Mwezi wa tatu ikawa subiri. Mwezi wa nne nilikuwa na simu mbili za kazi, sina nauli, na nalala saa tatu kwa siku kwa sababu nimechukua vibarua vingine nijazie pengo.

Usiku mmoja, saa kumi hivi, macho yamevimba, nikapandisha video ya mteja mmoja kwenye ukurasa wa mteja mwingine. Yaani tangazo la harusi likaenda kwa watu wanaouza dawa za mifugo. Nilikuja kushtuka asubuhi. Nikaifuta, nikaomba msamaha, maisha yakaendelea. Lakini kitu kimoja kilibaki kunikeketa: jioni ile nilijua kabisa kwamba nimechoka. Nilijua. Na sikumwambia mtu, kwa sababu nilijua nikisema nimechoka, kesho kazi inapewa kijana mwingine.

Kosa langu lilifutwa kwa kubonyeza mara moja. Kuna watu ambao kosa lao halifutiki.

Hapo ndipo nikaanza kusoma kuhusu marubani, na nikakutana na hadithi ya Marekani ambayo nataka muijue. Kule kuna kampuni ndogo za ndege ambazo kazi yao ni kusafirisha abiria wa kampuni kubwa kutoka miji midogo. Unanunua tiketi yenye jina kubwa, ndege imepakwa rangi za hilo jina kubwa, lakini anayeirusha ameajiriwa na kampuni nyingine kabisa, yenye mishahara yake na sheria zake. Ni kama uingie gari lililoandikwa jina la sako moja, kumbe dereva ni wa kukodishwa, na analipwa nusu ya wenzake.

Tarehe 12 Februari 2009, ndege ya namna hiyo ilitoka Newark kwenda Buffalo. Ilikuwa imebeba jina la Continental, lakini wenyewe walikuwa kampuni ndogo iliyoitwa Colgan Air. Ilikuwa Dash 8 Q400, ya mapanga mawili, aina ileile ambayo wengi wetu tumepanda kwenda Kisumu au Mombasa. Ndege haikuwa na hitilafu. Usiku ule, ikikaribia kutua, kasi ilipungua mno na usukani ukaanza kutetemeka. Ule mtetemeko ni onyo: shusha pua ya ndege, upate kasi. Kapteni akafanya kinyume, akauvuta usukani kwake. Ndege ikaanguka juu ya nyumba. Wote 49 waliokuwa ndani walikufa, na mtu mmoja aliyekuwa nyumbani kwake. Watu 50.

Wachunguzi walipofuatilia masaa ya kabla ya safari, ndipo mambo yakatoka. Rubani msaidizi alikuwa msichana wa miaka 24. Alikuwa anaishi kwa wazazi wake karibu na Seattle, upande wa pili wa nchi, na kituo chake cha kazi kilikuwa Newark. Ili afike kazini alikuwa amesafiri usiku kucha kwa ndege za mizigo, akabadilisha njiani. Kapteni naye kwake ni Florida, na usiku wa kuamkia siku ile aliupitisha kwenye chumba cha wafanyakazi pale uwanjani, sio kitandani. Kwenye kikao cha uchunguzi mshahara wa yule dada ulitajwa kuwa kama dola 16,000 kwa mwaka. Baadaye kampuni ikataja kiasi cha juu zaidi. Hata ukichukua hicho cha juu, hakikuwa pesa ya kupanga nyumba karibu na Newark.

Kitu kilichonimaliza ni hiki. Alikuwa na mafua. Kinasa sauti cha ndege kilimnasa akimwambia kapteni kwamba kama angejisikia hivyo akiwa bado nyumbani, hangekuja. Lakini sasa ameshafika, na akisema ni mgonjwa itabidi ajilipie hoteli mpaka apone. Akaamua aruke tu.

Nisiwadanganye, uchunguzi haukusema usingizi ndio ulioangusha ile ndege. Chanzo kilichoandikwa ni kosa la kapteni pale usukani ulipotetemeka. Kuhusu uchovu, bodi ilisema inaelekea uliathiri utendaji wao, ila haikuweza kupima kwa kiasi gani, na wanabodi wenyewe hawakukubaliana uandikwe kama chanzo au la. Sawa. Lakini mimi sihitaji bodi iniambie kama dada wa miaka 24, mgonjwa, aliyesafiri usiku kucha, alipaswa kuwa pale mbele. Wewe ungekubali kupanda?

Na mnaona jinsi pesa na usalama vilivyoshikana? Hakukaa mbali na kazi kwa kupenda. Hakuruka na mafua kwa ujeuri. Alipiga hesabu kama ile ninayopiga mimi, kama ile anayopiga dereva wa matatu aliyeamka saa tisa usiku kutafuta hesabu ya mwenye gari. Tofauti ni kwamba nyuma yake kulikuwa na watu.

Hapo mtu ataniambia: buda, hao ni wa Marekani na walikuwa wanalipwa vibaya, wetu wanalipwa vizuri. Kweli, rubani wa Kenya Airways si maskini, na mimi siwezi kumwita maskini mbele ya mama mboga. Lakini sikiliza. Mshahara mkubwa haumfanyi mtu asichoke. Na mshahara mkubwa ambao sehemu yake inaweza kuzuiliwa ukaambiwa usubiri unakufundisha somo lilelile nililofundishwa mimi mwezi wa tatu: neno la bosi halishikiki. Ukishajifunza hivyo, kila kitu anachokuambia unakitilia shaka. Akisema ripoti ya uchovu haitatumiwa dhidi yako, unajiuliza, kama alivyosema kuhusu pesa zangu za uzeeni?

Hiyo ndiyo hoja yangu yote. Ndani ya ndege kuna vifaa vingi vya usalama, lakini kuna kimoja hakionekani: rubani kuweza kusema "leo siwezi" na akaaminiwa. Kifaa hicho hakinunuliwi Canada wala Ufaransa. Kinatengenezwa na uhusiano wa rubani na ofisi. Uhusiano ukiharibika, kifaa kimeharibika, na hakuna taa nyekundu itakayowaka kukuonyesha.

Marekani wenyewe ilibidi wajifunze kwa makaburi. Familia za waliokufa Buffalo zilienda Washington mara nyingi mpaka sheria ikapitishwa mwaka wa 2010. Kuanzia Januari 2014 rubani wa ndege za abiria lazima apate mapumziko ya masaa 10 kabla ya zamu, na ndani yake nafasi ya kulala masaa 8 bila kusumbuliwa. Na kila safari athibitishe kwamba yuko sawa kuruka. Akisema hayuko sawa, haruhusiwi kuruka na kampuni hairuhusiwi kumrusha. Ona basi, haki ya kusema "nimechoka" iliandikwa kwenye sheria, kwa sababu ukiiachia huruma ya bosi inapotea.

Na ile hadithi ya "hakuna pesa"? Juni 2022, marubani walipokuwa adimu baada ya korona, kampuni ndogo mbili za American Airlines, Piedmont na Envoy, zilipandisha malipo ya rubani msaidizi mpya mpaka dola 90 kwa saa ya kuruka. Miaka nenda rudi vijana waliambiwa biashara hii haiwezi kubeba mishahara mizuri. Wafanyakazi walipokosekana, ikaweza.

Sasa turudi nyumbani, na niwe mkweli kwa pande zote. Kupuuza agizo la korti sikubaliani nako. Ukitaka sheria ikulinde, nawe iheshimu. Abiria aliyekwama na mgonjwa wake uwanjani hakuwa na kosa lolote. Na kampuni kweli ilikuwa na hali mbaya: mwaka huo wa 2022 ilipata hasara ya shilingi bilioni 38. Sikatai. Mwenye hisa nyingi zaidi pale ni serikali, yaani mimi na wewe, kwa hivyo shimo likizidi tunaitwa sisi kulijaza.

Lakini mgomo si mwanzo wa ugomvi. Mgomo ni siku ambayo watu wa nje wanasikia ugomvi wa zamani. Kama mke na mume wamefika kwa chifu, jua maneno yaliisha jikoni kitambo. Kwa hivyo swali la kuuliza usimamizi si "mlikuwa na pesa?" Ni hili: mlipokosa pesa, mliwaonyesha vitabu? Mliandika tarehe ya kurudisha mlichozuia? Au mlisema tu subiri? Mtu anaweza kuvumilia njaa akijua chakula kitaiva saa ngapi. Asichoweza kuvumilia ni kufichwa jikoni.

Mimi naomba vitu vitatu tu. Moja, ripoti ya uchovu wa rubani iweze kufika kwa mamlaka ya usafiri wa ndege moja kwa moja, si kupitia kwa mtu yuleyule anayepanga zamu. Mbili, pesa ya mfanyakazi ikizuiliwa kwa dharura, iandikwe tarehe ya kurudi, na tarehe hiyo ikifika bila malipo iwe ni deni kama deni la benki. Tatu, kabla ya notisi ya mgomo, pande zote mbili ziketi mbele ya mpatanishi ambaye hakuteuliwa na upande wowote. Abiria wasiwe wa mwisho kujua.

Na sisi wa mtandaoni tuna kazi moja. Siku nyingine ukisikia marubani, au madaktari, au walimu wanalia, usikimbilie kuhesabu mfuko wao. Najua inauma kusikia anayelipwa laki kadhaa akilalamika na wewe huna ya kodi. Ilinuma mimi pia, ndio maana niliandika ile komenti. Lakini kumshusha yeye hakukunipandisha mimi. Bosi aliyenizungusha miezi minne alikuwa anatumia maneno yaleyale: shukuru una kazi.

Yule dada wa Buffalo pia alikuwa na kazi. Alikuwa na mafua, hakuwa na pesa ya hoteli, na hakuwa na mtu wa kumwambia.