Muziki wa Rubani na Sauti ya Kiti cha Nyuma

Je, rubani anaweza kusikiliza muziki akiwa angani? Wengi wetu tungejibu haraka kwamba haiwezekani, na wapo ambao wangeongeza kwamba anayethubutu anyang'anywe leseni. Ukweli, ndugu msomaji, ni mpana zaidi. Hedifoni nyingi za kisasa za marubani wa ndege ndogo zina nafasi ya kuunganishiwa simu, na katika safari ndefu, hewa ikiwa tulivu, wimbo wa sauti ya chini huweza kumpunguzia rubani uchovu. Hatari haitokani na muziki peke yake. Hutokana na namna sauti zinavyopangwa.

Hedifoni hiyo hupokea sauti za namna tatu: redio ya mwongoza ndege, intakomu inayomwunganisha rubani na wale alio nao ndani ya ndege, na muziki. Fundi makini hazichanganyi kama mchele na maharage katika chungu kimoja. Hufuata kanuni mbili. Kanuni ya kwanza ni kipaumbele: redio au intakomu inaponena, saketi hukata muziki papo hapo, bila kumsubiri rubani anyooshe mkono. Kanuni ya pili ni kwamba kifaa cha muziki kikiharibika, betri ikiisha au waya ukikatika, redio na intakomu ziendelee kusikika kana kwamba muziki haukuwahi kuwapo. Muziki ni mgeni, na mgeni hafungi mlango wa mwenye nyumba.

Zipo pia hedifoni zenye swichi inayoruhusu wimbo uendelee chinichini wakati mwongoza ndege akisema. Mpangilio huo una hatari yake. Wimbo wenye maneno hushindana na maneno, na tarakimu moja ya kimo ikisikika vibaya inatosha kuleta msiba.

Hata saketi nzuri haitoshi bila nidhamu ya wakati. Tarehe 11 Septemba 1974, ndege ya Eastern Air Lines ilianguka ilipokuwa ikikaribia kutua Charlotte, Marekani, na watu zaidi ya 70 wakapoteza maisha. Hapakuwa na muziki. Marubani walikuwa wakipiga soga, zikiwamo habari za siasa na magari yaliyotumika, huku kimo cha ndege kikiwaponyoka. Mwaka 1981 Marekani iliweka kanuni kwa marubani wa mashirika ya ndege: chini ya futi 10,000, isipokuwa ndege ikiwa katika mwendo wake wa kawaida wa safari, pasiwe na mazungumzo wala shughuli isiyohusu usalama wa ndege.

Kanuni hiyo huhesabu kimo kutoka usawa wa bahari. Sumbawanga iko takriban mita 1,800 juu ya bahari, yaani karibu futi 6,000. Kwa hiyo futi 10,000 juu ya mji wetu ni kama futi 4,000 tu juu ya mapaa yetu, na milima ya Mbizi, iliyo jirani, hupunguza nafasi hiyo zaidi. Hewa ya uwanda huu ni nyepesi. Mchana wa joto injini hupungukiwa nguvu na ndege huhitaji mwendo mrefu zaidi kabla ya kupaa. Rubani wa ndege ndogo anayetoka Ufipa akiiga kanuni ya watu wa pwani bila kutazama ardhi iliyo chini yake, atakuwa amewasha muziki mapema mno.

Lakini lililonifanya niandike ni jambo jingine. Katika ndege ndogo kama Cessna 172, king'ora kinachoonya kwamba mabawa yanakaribia kushindwa kuibeba ndege hupulizwa na hewa inayopita kwenye bawa. Hakina waya wa kwenda kwenye hedifoni. Saketi inayokata muziki kwa ajili ya redio haina habari nacho. Kifaa hukiheshimu kile tu kilichounganishwa nacho. Sauti isiyo na waya, hata ikiwa ndiyo yenye habari ya kifo, haina kipaumbele.

Niliyakumbuka haya kwa sababu ya safari moja ya basi kutoka Sumbawanga kwenda Mbeya. Tulipokwisha kuipita Laela, sisi wa viti vya nyuma tulianza kusikia harufu ya mpira unaoungua. Tukaita, "Konda! Konda!" Spika zilizokuwa juu ya vichwa vyetu zilizimeza sauti zetu zote. Kondakta alikuwa mbele, akizungumza na dereva kwa kupaza sauti. Bibi mmoja akasema, "Wanangu, mpeni habari aliye mbele yenu, naye ampe wa mbele yake." Habari ikasafiri kiti kwa kiti hadi kijana mmoja alipomgusa kondakta begani. Basi liliposimama, tairi la nyuma lilikuwa likifuka moshi.

Hakuna aliyeumia. Tulikaa kando ya barabara, tukamshukuru Mungu, tukamlaumu dereva. Leo naona kwamba lawama ile ilikuwa nusu ya haki. Dereva hakukataa kutusikia. Basi lake halikuwa na waya unaotoka kwetu kwenda kwake. Tuliutegemea uungwana wake pale ambapo wanaanga hutegemea saketi.

Dawa yake si ghali. Redio nyingi za magari zina waya uliotengenezwa ili kunyamazisha muziki simu inapoita. Kengele za abiria zikifungwa kuanzia viti vya mbele hadi vya nyuma na kuunganishwa na waya huo, mkono wa mtoto unatosha kulinyamazisha basi zima. Wanaokagua breki na mikanda wangeweza kulikagua na hilo.

Nami nikiwa mwalimu wa watu wazima, nashindwa kuliacha somo hili ndani ya basi. Rukwa ni kiti cha nyuma cha nchi hii. Kila mwenye usukani, awe waziri, mkurugenzi wa halmashauri au mkuu wa idara chuoni, ana muziki wake: ngoma za mapokezi, nyimbo za pongezi, risala zilizopakwa asali. Sina ugomvi na muziki huo. Ninachouliza ni kama mkulima wa mahindi wa Ufipa, akinusa harufu ya kuungua, ana kengele ya kubonyeza, au naye ategemee habari yake ipite kiti kwa kiti hadi imfikie aliye karibu na dereva.