Mchango wa Matibabu Usiishie Uwanja wa Ndege

Sisi watu wa Pwani ni hodari wa kuchanga. Mgonjwa akiambiwa akatibiwe India, jamaa, majirani na msikiti hutoa, na safari ikapatikana. Suali langu ni moja: akisharudi, nani anamfuatilia?

Chukueni mfano wa maradhi yasiyotajwa sana, kufura kwa aota. Huu ndio mshipa mkubwa unaotoa damu kwenye moyo na kuiteremsha kifuani hadi tumboni. Ukuta wake ukidhoofika, hasa kwa wanaume wazee waliovuta sigara miaka mingi, hutanuka kama puto, mara nyingi bila maumivu. Ukipasuka, wengi hufariki kabla ya kufika hospitali. Albert Einstein alikufa hivyo mwaka 1955.

Zamani tiba ilikuwa kupasua tumbo na kushonea mshipa wa bandia. Mwaka 1990 Dkt Juan Parodi wa Argentina alitumia njia nyengine: mrija wa kitambaa unaoshikiliwa na chuma hupitishwa kwenye kinena hadi ndani ya aota, damu ikapita humo badala ya kulisukuma puto. Mgonjwa huweza kurudi nyumbani baada ya siku chache.

Puto likifikia mishipa ya figo na matumbo, kazi huwa ngumu. Hapo hutumika mrija wenye matundu na matawi, mara nyingi ulioshonwa kwa kipimo cha mgonjwa mwenyewe. Kila tawi laweza kuziba au kuvuja. Figo zaweza kudhurika, na mrija ukifunika sehemu ndefu ya aota, uti wa mgongo waweza kukosa damu na miguu ikapooza.

Uingereza ilifanya utafiti uitwao EVAR 1 kwa wagonjwa 1,252 wenye puto la kawaida, lililo chini ya figo. Ndani ya siku 30, waliofariki upande wa mrija walikuwa asilimia 1.8, na upande wa kupasuliwa asilimia 4.3. Ushindi dhahiri. Lakini walipofuatiliwa hadi miaka 15, faida ile ilikuwa imeyeyuka. Baada ya mwaka wa 8 vifo vilizidi upande wa mrija, na sababu moja ni puto kupasuka ilhali mrija umo ndani. Waliorudishwa kwa marekebisho pia walikuwa wengi zaidi. Ikiwa hali ni hiyo kwa puto la kawaida, mrija wenye matawi haufai kuachwa bila uangalizi.

Siipingi tiba hii. Kwa mzee ambaye moyo wake hauwezi kustahimili kupasuliwa, huenda ndiyo njia pekee. Ninalopinga ni kuhesabu mgonjwa amepona kwa sababu tu ameshuka ndege akitembea.

Kwa hivyo, kamati ya mchango imuulize daktari kabla ya tiketi kukatwa: atahitaji skani mara ngapi, kwa miaka mingapi? Nani hapa nyumbani atazisoma? Mrija ukivuja, atakwenda wapi? Kisha fungu la pesa liwekwe kando kwa skani hizo, na ripoti pamoja na picha zote zirudi na mgonjwa. Serikali zetu za kaunti nazo ziweke kliniki ya kuwafuatilia wanaorudi.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa huu umo mwilini mwa mtu.