Masika hayaisubiri bajeti ya Utete

Aprili 2024 Mto Rufiji ulipanda, ukazamisha mashamba na makazi katika wilaya za Rufiji na Kibiti na kuwaacha maelfu ya wananchi bila makao wala mavuno. Mei 4 Kimbunga Hidaya nacho kikaipiga pwani hiyohiyo. Viongozi wa kitaifa walifika, mahema yakasimama, misaada ikagawiwa. Maji yalipopungua, mjadala nao ukapungua.

Bonde hili halikuanza jana kufurika. Baada ya mafuriko ya 1968, Serikali iliendesha Operesheni Rufiji na kuwahamishia wakazi wa bondeni kwenye miinuko. Wengi waliendelea kushuka kulima, na sababu yao ni ileile ambayo mipango ya ofisini bado inairuka: udongo wenye rutuba uko chini. Mpunga uko huko, na mlau, kilimo kinachofuata maji yanapojivuta, uko huko. Msimu wa kulinda mpunga, familia huhamia kwenye dungu, kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo katikati ya shamba, zikapika na kulala humohumo. Kumgawia mkulima huyo kiwanja cha mlimani bila kulifikiria shamba lake ni kuirudia Operesheni Rufiji kwa jina jingine.

Kilichobadilika ni mto wenyewe. Tangu Desemba 2022 maji yake yanazuiwa na Bwawa la Julius Nyerere, na mvua za El Niño zililikuta bwawa hilo likiwa linajazwa. Wananchi wengi waliyalaumu maji yaliyofunguliwa. Shirika la Umeme (TANESCO) lilieleza kuwa bila bwawa hali ingekuwa mbaya zaidi. Mabishano hayo hayamsaidii mtu wa Mohoro, wilayani Rufiji. Linalomhusu ni kwamba sasa sehemu ya mafuriko hupita kwenye milango inayofunguliwa kwa uamuzi wa watu, na kila uamuzi wa namna hiyo unaweza kumfikia kwa maandishi, kwa simu au kwa kipaza sauti cha msikiti kabla maji hayajamfikia.

Lakini tazama nani ameshika nini. Bwawa ni la TANESCO. Mto unasimamiwa na Bodi ya Maji Bonde la Rufiji, yenye makao yake Iringa. Utabiri ni kazi ya Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA). Mikoko ya delta, inayoikinga Kibiti dhidi ya bahari na ambayo hukatwa kupisha mashamba ya mpunga, iko mikononi mwa Wakala wa Huduma za Misitu (TFS). Halmashauri zimebakiziwa mafuriko yenyewe.

Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022 imeweka kamati za maafa kuanzia taifa hadi kijiji. Ni sheria nzuri. Hata hivyo, kamati ya kijiji isiyo na kasma, mashua wala ghala itafanya kazi moja tu: kuorodhesha waliopoteza. Na mapato ya ndani ya halmashauri za wakulima hutegemea kwa sehemu kubwa ushuru wa mazao. Mto ukibeba mpunga, umebeba na ushuru. Fedha hupungua mwaka uleule zinapohitajika zaidi.

Hapo ndipo gharama ya kuchelewa ilipo. Madiwani wakipitisha makadirio mwanzoni mwa mwaka, fedha huanza kutumika Julai, na masika ya kwanza zitakayoyakuta ni ya Machi ya mwaka unaofuata. Kikao kimoja kikipita bila kutenga fungu, bonde limekosa kinga kwa masika yanayobisha hodi na kwa yale yatakayofuata.

Hoja kwamba halmashauri maskini haiwezi haitoshi. Kaunti ya Makueni nchini Kenya, eneo la ukame lisilo na utajiri wa kujivunia, iliweka kanuni mwaka 2015 za kutenga asilimia 1 ya bajeti yake ya maendeleo kwa mfuko wa mabadiliko ya tabianchi, na kamati za kata zina sauti katika kuchagua miradi.

Gazeti hili linaona kuwa Rufiji na Kibiti haziwezi kuachwa ziingie masika mengine zikitegemea hisani. Mabaraza ya madiwani yatenge kasma ya kudumu ya mafuriko, na yapime ardhi ya miinuko pamoja na njia za kufika mashambani. TANESCO na Bodi ya Bonde zifungwe kwa utaratibu wa maandishi wa kuwaarifu wakurugenzi wa halmashauri za Rufiji, yenye makao yake Utete, na Kibiti, na kupitia kwao kila mtendaji wa kijiji, kabla mlango wowote wa bwawa haujafunguliwa. Na TAMISEMI, inayosimamia serikali za mitaa, isiipitishe bajeti ya halmashauri yoyote ya bonde hili ambayo haina fungu hilo.