Mota haikuwa na kosa

Najua nimekuwa kimya. Leo nimekuja na kisa kimoja na ugomvi mmoja, na ugomvi wenyewe ni juu yetu sisi tunaoandika programu.

Wengi wenu mnajua kwamba nina darubini ndogo ya kompyuta. Unaiambia kwa rimoti ikuonyeshe sayari ya Zohali, nayo inageuka yenyewe, inaitafuta, kisha inaifuata. Huko kufuata ndiko kwenye kazi. Dunia inazunguka digrii 15 kila saa, kwa hiyo ukiikuza sayari mara mia hivi na darubini imesimama tuli, baada ya dakika mbili tu imeshatoka machoni. Ukiwa peke yako si neno. Ukiwa na foleni ya watoto, wa tatu akifika anakuta giza tupu.

Na foleni nilikuwa nimeiahidi. Jumapili, tarehe 7 Septemba 2025, mwezi ulikuwa upatwe wote, na hapa Kenya giza kamili lilikuwa lianze saa mbili u nusu usiku na kudumu dakika 82. Niliwaambia watoto wa mtaani waje waone mwezi mwekundu, na Zohali upande wa mashariki yake. Siku tisa kabla, nikaijaribu darubini. Mota ya kuizungusha kushoto na kulia ikapiga yowe, ikakimbia kama inayofukuzwa na nyuki, ikasimama ghafla. Kwenye rimoti pakaandikwa: hitilafu ya mota.

Nikampigia simu aliyeniuzia. Akauliza rimoti inasemaje, nikamsomea. Hakuuliza la pili. Akasema niagize mota mpya pamoja na gia zake kutoka ng'ambo, wiki tatu. Bei yake siiandiki hapa, mke wangu husoma ukurasa huu.

Sasa fikiri nami. Mota iliyokufa haikimbii. Hii ilikimbia kupita kiasi. Mbona iitwe mbovu?

Ndani ya darubini ya namna hii, nyuma ya kila mota kuna kisahani chenye matundu. Upande mmoja kuna taa ndogo, upande wa pili kuna sensa inayohesabu mwanga unavyokatika kisahani kikizunguka. Hiyo ndiyo enkoda. Kompyuta haiioni mota. Inasikia hesabu tu. Ikituma umeme na hesabu isirudi, inadhani mota imekwama, inaongeza umeme. Hesabu isiporudi tena, inakata kila kitu na kutangaza kwamba mota ina hitilafu. Kwa hiyo ujumbe ule ulikuwa na maana moja tu: sijasikia kitu.

Nikaanza kupima, jambo moja kwa wakati mmoja. Kwanza betri, maana umeme hafifu huleta vituko vingi. Niliipima mota zikiwa zinafanya kazi, si betri ikiwa imepumzika, kwa sababu betri chovu ikipumzika husoma vizuri. Ilikuwa volti 11.9. Haina neno.

Pili, nikazima umeme na kubadilishana plagi za mota mbili pale kwenye bodi, kwa kuwa mota zenyewe ni za aina moja. Kama ubovu ungekuwa kwenye bodi, mota nzima nayo ingeanza yowe. Haikuanza. Yowe likabaki kwa ile ile. Basi bodi, rimoti na programu vyote vikatoka kizimbani.

Tatu, nikaichomoa mota na kuigusisha betri ndogo moja kwa moja. Ikazunguka taratibu kama saa. Mota nayo ikaachiliwa huru.

Ikabaki enkoda na nyaya zake. Hapa nikapoteza nusu siku kwa ujinga wangu. Nilifungua kifuniko mezani karibu na dirisha, jua linawaka, na mara mota zote mbili zikaanza kulalamika! Karibu niagize bodi mpya. Kumbe jua lilikuwa linaingia kwenye sensa na kuipofusha. Nikafunika kwa kitambaa cheusi, ile nzima ikatulia.

Mwisho nikapima waya mmoja mmoja. Mmoja wa enkoda ulikuwa umekatika ndani, nje haukuonyesha kidonda. Nikaupeleka kwa mzee mmoja fundi redio hapa sokoni. Akaukunja mara moja kwa kidole, akasema, "Huu umechoka, kijana. Unapinda hapa hapa kila siku." Akalehemu kipande kipya kirefu kidogo ili kisivutike tena. Shilingi 200.

Usiku ule mawingu yalitusumbua, lakini watoto waliona mwezi mwekundu, na Zohali ilisimama tuli foleni nzima, pete zake nyembamba kama uzi.

Sasa ugomvi. Aliyeandika ujumbe ule alijua kitu kimoja, kwamba hesabu haikurudi. Badala ya kusema alichokiona, akatoa hukumu. Na hukumu ya kompyuta watu huiamini. Muuzaji aliiamini, nami ningeiamini kama ningekuwa na pesa. Mwenye pesa angetupa mota nzima kwa sababu ya waya.

Mtaniambia mtumiaji wa kawaida hataki habari za enkoda na sensa, anataka maneno mepesi. Nakubali. Lakini wepesi si uongo. Andika hivi: "Sipati habari kutoka kwa mota ya kushoto na kulia. Angalia nyaya, kisha betri." Bibi yangu angeelewa.

Nasema kwa ukali kwa sababu nami nimo. Miaka kadhaa iliyopita nilimwandikia mama mmoja mwenye duka la dawa programu ya mauzo. Printa isipojibu, programu yangu ilisema: printa imeharibika. Siku moja haikujibu, naye akanunua mpya. Nilipokwenda kuiunganisha nikakuta waya wa ile ya zamani umelegea nyuma ya kaunta. Nikaukaza, nikanyamaza. Akanishukuru na kunipa soda.

Ile programu bado anaitumia, na ujumbe ni ule ule. Leo jioni naubadilisha. Kesho nampelekea, na nitamwambia habari ya printa.

Haya, tuonane tena.