Urani ya Namtumbo: kwa nini mionzi haidhuru viungo vyote sawasawa?

Julai 2025, mtambo wa majaribio wa kuchakata urani ulizinduliwa katika mradi wa Mto Mkuju, wilayani Namtumbo, mkoani Ruvuma. Palipo na urani pana mionzi. Je, mionzi hufanya nini mwilini, na wanakijiji waulize nini?

Tuanze na seli. Karibu kila seli ya mwili ina DNA, yaani maelekezo yanayoiongoza ifanye kazi gani na igawanyike lini. Mionzi ikipenya inaweza kukata uzi wa DNA. Mara nyingi seli hujitengeneza. Madhara yakizidi, seli hufa. Ikijitengeneza vibaya, kosa hubaki, na baada ya miaka mingi seli hiyo inaweza kuanza kuongezeka ovyo. Hiyo ndiyo saratani.

Viungo hutofautiana kwa sababu kuu mbili.

Kwanza ni kasi ya seli kugawanyika. Uboho ulio ndani ya mifupa hutengeneza damu usiku na mchana, hivyo hudhurika upesi. Kwa walionusurika bomu la Hiroshima mwaka 1945, saratani ya damu iliongezeka ndani ya miaka michache tu, kabla ya saratani nyingine. Mtoto aliye tumboni naye hukua kwa kasi, kwa hiyo yumo hatarini zaidi.

Pili ni mahali chembe za mionzi zinapotua. Baada ya ajali ya Chernobyl mwaka 1986, watoto walikunywa maziwa yenye iodini ya mionzi. Tezi ya shingoni hukusanya iodini, na ndiyo iliyopata saratani kwa maelfu yao.

Kwa wachimbaji wa urani, kiungo cha kuangaliwa zaidi ni mapafu. Miamba ya urani hutoa radoni, gesi isiyo na rangi wala harufu. Mionzi yake haipenyi ngozi, lakini gesi hiyo ikivutwa, mionzi hupiga mapafu kutokea ndani. Nchini Marekani, Wanavajo wengi waliochimba urani kwenye migodi isiyo na hewa ya kutosha walikufa kwa saratani ya mapafu. Sheria ya fidia ilipitishwa mwaka 1990, wakati wengi walikwishazikwa.

Hatusemi kwamba kila anayeishi karibu na mgodi ataugua. Udongo wa kila mahali una mionzi kidogo. Hatari hutegemea kiasi na muda.

Ndiyo maana vipimo vya maji ya visima na mito, na vya vumbi, vinatakiwa kabla uchimbaji haujapamba moto. Bila vipimo vya mwanzo, miaka 20 ijayo itakuwa vigumu kuthibitisha kilichobadilika. Usalama wa mionzi nchini husimamiwa na Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania. Kwenye mkutano wa kijiji, swali la kuuliza ni hili: vipimo vya maji yetu vya leo viko wapi, na nani atatusomea vya mwaka ujao?