Mafunzo ya maofisa ugani yaanzie shambani, si ukumbini

Aprili 2022, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mjini Dodoma ugawaji wa pikipiki na vifaa vya kupimia udongo kwa maofisa ugani. Hatua hiyo ilistahili pongezi, kwani ofisa asiye na usafiri hawezi kuwafikia wakulima wa kata nzima. Hata hivyo, pikipiki humfikisha ofisa shambani tu. Atakachomwambia mkulima akishafika kinategemea mafunzo aliyopata.

Hapo ndipo penye tatizo. Katika taasisi kubwa, mafunzo kazini mara nyingi hupangwa kutoka juu: mada moja kwa wote, siku mbili au tatu ukumbini, posho, cheti, kisha kila mmoja anarudi kituoni kwake. Ni nadra ofisa kuulizwa mapema ni jambo gani linalomshinda kazini.

Wilaya za Hanang na Mbulu mkoani Manyara zinapakana, lakini kazi hazifanani. Ofisa wa Basotu yuko kwenye tambarare za ngano, jirani na mifugo ya Wabarabaig. Anahitaji kujua ngano, lakini pia kuzungumza na mkulima na mfugaji kabla hawajagombana. Mwenzake wa Bashay, Mbulu, anahudumia wakulima wa vitunguu saumu, wanaoulizia magonjwa, hifadhi na namna ya kukwepa lumbesa. Semina moja haiwezi kuwatosheleza wote wawili.

Historia ya Hanang inatoa funzo. Kuanzia miaka ya 1970 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990, Canada ilifadhili kilimo cha ngano katika mashamba 7 ya NAFCO, yenye ukubwa wa ekari zipatazo 100,000. Matrekta yaliletwa na Watanzania wakafundishwa, wengine nchini Canada. Lakini Wabarabaig walipoteza malisho na mgogoro ukafika mahakamani. Ujuzi wa mashine ulikuwapo. Kilichokosekana ni kusikilizana na watu.

Njia mbadala inajulikana. Shamba darasa, lililoanzia kwenye mpunga wa Indonesia mwaka 1989, humfundisha mkulima kwa kuchunguza shamba lake mwenyewe. Hakuna sababu ya kumnyima ofisa ugani utaratibu huohuo. Maofisa wa tarafa moja wakutane kwenye kata ya mwenzao kabla ya msimu, wachague tatizo moja, walifanyie kazi pamoja na wakulima, kisha warudi baada ya mavuno kuona kilichobadilika.

Wapo watakaosema ni gharama. Lakini kukodi ukumbi na kulipa posho nako ni gharama, na halmashauri zinaweza kuanza na tarafa moja tu.

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Wizara na halmashauri zianze kwa kumuuliza ofisa, na mafanikio yapimwe kwa kilichobadilika shambani, si kwa idadi ya saini kwenye daftari la mahudhurio.